Hujafika Bado: Pendekezo la Kujibu katika Mapatano ya Bei, kwa Mfano wa Mbeya

Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama nchini. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya Mahakama za Mwanzo. Katika ngazi zilizo juu yake, hata pale mashahidi waliposema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho wa shauri, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho hayo yamewapa wanaisimu na wanasheria kazi isiyomalizika kwa kuweka neno mahali pa neno. Dhana nyingi za sheria ya mikataba zina majina yaliyokwisha kukaa: mkataba, mdai, mdaiwa, dhamana, fidia. Ipo hata hivyo dhana moja inayoonekana nyepesi kuliko hizo, kwa kuwa kila mtu huitenda karibu kila siku, lakini haina jina lililozoeleka. Ni lile jibu la mtu aliyetajiwa bei, naye asiikubali wala asiikatae, bali akataja ya kwake.

Katika mhadhara huu jibu hilo linaitwa pendekezo la kujibu, na sababu za kuliita hivyo, badala ya majina mengine yaliyopo, zitaelezwa mwishoni. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili cha sokoni na sheria ya mikataba iliyorithiwa kutoka Uingereza vinalitazama jambo hili kwa macho mawili. Sheria huliona kuwa ni namna ya kukataa, ilhali Kiswahili huliona kuwa ni namna ya kuendelea. Tofauti hiyo imo katika sarufi yenyewe, na inaweza kumgharimu mkulima mavuno ya msimu mzima.

Mifano inatoka Mbeya kwa sababu maalumu. Mji huo uko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na kwenye reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kuiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Masoko yake hukutanisha wasemaji wa Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kimalila, Kinyiha, Kisangu, Kibena na Kikinga, pamoja na wageni wa pwani na wa ng'ambo ya mpaka. Katika mazingira ya namna hiyo muuzaji na mnunuzi mara nyingi hawana lugha nyingine ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na kwa hiyo kanuni za mapatano hazina budi kubebwa na Kiswahili chenyewe. Wakigundua kwamba wana lugha moja ya nyumbani, mambo hubadilika: salamu ya Kinyakyusa iliyotamkwa vizuri inaweza kushusha bei kabla bei haijatajwa. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Mazungumzo ya koti

Mbeya ni mji wa baridi, hasa mwezi Juni na Julai, na makoti ya mitumba hupata wanunuzi wengi. Mazungumzo yafuatayo ni ya kawaida kabisa, kwa kiasi kwamba mkazi yeyote wa mji huo aliyewahi kupita Mwanjelwa au Sido angeweza kuyakamilisha bila kusikia nusu yake ya pili.

– Dada, hili koti shilingi ngapi?
– Elfu ishirini na tano, kaka yangu.
– Halipungui?
– Bei inazungumzika. Sema yako.
– Elfu kumi na mbili.
– Hujafika, kaka. Hata mtaji haurudi.
– Kumi na tano basi.
– Ongeza kidogo, tufanye kumi na nane.
– Nina kumi na sita tu.
– Haya, lete.

Katika kauli hizi kumi neno "hapana" halimo. Hayamo pia "sitaki", "nakataa" wala "haiwezekani". Hata hivyo bei zilizotajwa ni tano, na kila moja baada ya ile ya kwanza imeiweka kando iliyotangulia. Wanafunzi wa nadharia ya tendo-uneni iliyoasisiwa na Austin na kuendelezwa na Searle watatambua kwamba kauli moja hapa inafanya matendo mawili kwa wakati mmoja, yaani kurudisha bei ya mwenzako na kutoa ya kwako. Ni tendo la pili tu linalosikika. La kwanza limeachwa lieleweke.

Swali la "halipungui?" lina uzito wake. Mnunuzi hajataja kiasi chochote, bali ameuliza kama mlango uko wazi. Muuzaji naye anajibu kwa kumpa ruhusa: "Sema yako." Kimilikishi "yako" hakitaji nomino, lakini upatanisho wa ngeli unaionyesha kuwa ni bei. Baada ya ruhusa hiyo, mnunuzi anayetaja chini ya nusu ya bei ya kwanza hahesabiwi kuwa amemtukana mwenye mali. Angeitaja kabla ya kuruhusiwa, huenda angeambiwa kwamba anataka kumlalia mwenzake, na "kumlalia mtu" kwa bei si lugha ya heshima. "Nina kumi na sita tu" nayo ni pendekezo lililovaa nguo ya taarifa. Muuzaji hamwombi mnunuzi afungue mfuko ili ahakikishe, kama vile mnunuzi hakudai kuonyeshwa risiti aliposikia kwamba mtaji haurudi. Kauli za namna hii hupimwa kwa jinsi zinavyomruhusu msemaji asogee, au asimame, bila kuaibika. Ukweli wake haumsumbui mtu.

Sarufi ya kutofika

Kauli iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote katika mazungumzo hayo ni "hujafika". Umbo lake linajulikana: ni ukanushi wa hali timilifu, ambamo kiambishi -me- cha "umefika" huiacha nafasi yake kwa -ja-. Wanasarufi wameeleza mara nyingi kwamba -ja- haikanushi tukio tu, bali hudokeza kwamba tukio hilo bado linatazamiwa. Asemaye "mgeni hajaja" anamngoja mgeni. Asemaye "mgeni hakuja" amekwisha kuondoa vyombo mezani.

Soko limelichukua umbo hilo na kulifanya chombo cha kukataa bila kufunga. "Hujafika" inamwambia mnunuzi kwamba yumo safarini na kwamba njia anayoifuata ni sahihi, ila mwendo umebaki. Ndiyo maana maneno mengine ya mapatano yanatoka katika uwanja huohuo wa mwendo: bei hupanda, hushuka, husimama, mnunuzi huombwa asogee. Hata kuondoka kwa miguu kumo katika mazungumzo. Mnunuzi anayetoka kibandani baada ya kutaja bei yake ya mwisho ametoa pendekezo la kujibu kwa mgongo, na muuzaji akimwita, "Njoo basi, tuongee," mazungumzo yanaendelea pale yalipoachwa. Hakuna anayeuliza kama bei za awali zingali hai.

Viambishi vya mnyambuliko vinafanya kazi kuelekea upande huohuo. Kauli ya kutendana imejaa katika msamiati wa bei: kupatana, kuelewana, kukubaliana, kusikilizana, kuafikiana. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi ambacho mtu mmoja anaweza kukitenda peke yake. Kauli ya kutendea huleta ombi: nipunguzie, niongezee, niachie. Nayo dhamira tegemezi huugeuza uamuzi wa mmoja kuwa wa wawili. Katika "tufanye kumi na nane", bei ni ya muuzaji lakini nafsi ni ya wote. Mtu akitaka kuona uzito wa umbo hilo, na alilinganishe na "nauza kumi na nane". Tarakimu ni ileile, ila ya pili haina tena mahali pa kukaa mnunuzi.

Isidhaniwe kwamba soko halina masharti. Yapo, na ni makali. Muuzaji aliyetaja 25,000 hawezi kupanda baadaye na kutaka 28,000 kwa koti lilelile. Mnunuzi aliyefika 15,000 hawezi kurudi 13,000. Aidha, mnunuzi ambaye bei yake imekubaliwa kwa "haya, lete" kisha akaenda zake ametenda kosa linaloeleweka na kila mtu, na ataulizwa mbele ya watu: "Mbona umesema mwenyewe?" Kwa hiyo pendekezo la kujibu humfunga aliyelitoa, pindi likikubaliwa. Jambo ambalo halifanyi, kwa kanuni za soko, ni kuliua pendekezo la kwanza. Kama baada ya kuambiwa "hujafika" mnunuzi yule angekata shauri na kusema, "Haya, nachukua kwa hiyo ishirini na tano," muuzaji angefunga koti na kushukuru. Bei yake ilikuwa bado imekaa mezani. Bei hiyo hufa kwa sababu nyingine: mnunuzi mwingine amefika kwanza, au jua limezama na nyanya za asubuhi si zile za jioni.

Kujibu kwa kipimo

Bei si uwanja pekee wa kujibia. Katika bidhaa zinazouzwa kwa fungu, kama nyanya, vitunguu au ndizi za Rungwe, bei ya fungu mara nyingi haiguswi kabisa. Mnunuzi husema "niongezee", na muuzaji huongeza kimoja au viwili juu. Pendekezo la kujibu limetolewa na kukubaliwa, na bei imebaki ileile mbele ya wateja wengine wanaosikiliza. Kwa sado na kwa debe ni hivyohivyo, ambapo ugomvi wote huwa juu ya kilima kinachobaki juu ya mdomo wa chombo.

Ustaarabu huu mdogo wa rejareja unageuka jambo jingine katika biashara ya jumla. Viazi mviringo vya Uporoto na Umalila huuzwa kwa gunia, na mnunuzi mwenye lori, au dalali wake, anaweza kuikubali bei ya mkulima bila kubisha hata kidogo kisha akajibu kwa ujazo. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha nyongeza hufungwa juu yake kwa kamba au kwa kipande cha gunia jingine. Hiyo ndiyo lumbesa. Kwa mtazamo wa pragmatiki lumbesa ni pendekezo la kujibu lisilotamkwa: "Bei yako nimeikubali, lakini kwa kipimo changu." Kwa kuwa halitamkwi, mkulima hapewi nafasi ya kulijibu. Hawezi kusema "hujafika" kwa gunia. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku lumbesa na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa kila kifungashio cha mazao ya shambani. Marufuku hiyo kwa kawaida huelezwa kama suala la vipimo na afya ya wabebaji. Ni suala la lugha pia, kwa maana inayarudisha mapatano mahali ambapo yanaweza kusikika.

Mahari hutoa mfano uliogeuzwa. Upande wa binti hutaja idadi ya ng'ombe, na mshenga anayetumwa na upande wa kijana hathubutu kusema kwamba ng'ombe hao ni wengi. Siku hizi, kwa kuwa ng'ombe mara nyingi hulipwa kwa fedha, mazungumzo huhamia kwenye thamani ya ng'ombe mmoja. Idadi waliyoitaja wazee inabaki kama ilivyotajwa, heshima yao imelindwa, lakini ng'ombe mwenyewe amepungua. Kinachosalia huandikwa kuwa deni, nalo deni la mahari ni jambo ambalo familia nyingi huishi nalo kwa miaka bila kuona kwamba mapatano yamevunjika. Sokoni bei inabaki na kipimo kinakua. Kwenye mahari kipimo kinabaki na bei inashuka. Katika hali zote mbili neno lililotamkwa na mwenzako halipingwi usoni pake.

Shamba la Wrench

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, na msingi wake ni sheria ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika tangu enzi za ukoloni wa Waingereza. Inataka ukubali uwe kamili na usio na sharti. Kanuni inayohusu pendekezo la kujibu hufundishwa kwa hukumu ya Uingereza ya mwaka 1840 katika shauri la Hyde na Wrench. Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench alipokataa, Hyde akaandika tena kwamba sasa yu tayari kutoa zile 1,000. Jaji Lord Langdale aliamua kwamba hapakuwa na mkataba wowote. Kwa kutaja 950, Hyde alikuwa amelikataa pendekezo la kwanza, na baada ya hapo hakuwa na uwezo wa kulifufua kwa kulikubali.

Mwuza makoti wa Mwanjelwa angeishangaa hukumu hiyo. Angeuliza ni wakati gani Hyde alikataa, kwa kuwa yeye alikuwa anaendelea kununua.

Miaka 40 baadaye, katika shauri la Stevenson na McLean la mwaka 1880, mahakama ya Uingereza iliweka mpaka wa maana. Stevenson alipewa bei ya chuma, akauliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali kupeleka mzigo kwa muda wa miezi miwili. Muuzaji hakujibu, akamwuzia mtu mwingine. Mahakama iliona kwamba ile ilikuwa kuulizia tu, wala haikuwa pendekezo jipya. Bei ya kwanza ilibaki hai, na Stevenson alipoikubali mkataba ulipatikana. Kwa hiyo sheria yenyewe inatambua kwamba swali haliui. "Halipungui?" ni la upande wa Stevenson. "Elfu kumi na mbili" ni la upande wa Hyde.

Kati ya pande hizo mbili Kiswahili kina uwanja mpana usio na mpaka ulio wazi. Ichukuliwe kwamba mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anamwandikia mkulima wa viazi wa Uporoto ujumbe wa simu: "Nachukua gunia mia moja kwa elfu 70." Bei hizi ni za mfano tu. Mkulima anaweza kujibu "Nauza 80." Anaweza kujibu "Ongeza ifike 80." Anaweza kujibu "Huwezi kuongeza?" Na iwapo mnunuzi ni mtu mzima kwake, yumkini ataandika: "Shikamoo mzee. Naomba uniongezee kidogo." Siku inapita bila jibu. Asubuhi mkulima anaandika: "Haya, leta gari kwa hiyo 70," anaita vibarua na kuanza kuchimba. Gari haliji, kwa sababu mnunuzi amepata viazi mahali pengine kwa 65.

Kwa jibu la kwanza, "Nauza 80," mkulima hana dai: pendekezo la 70 limekufa kwa mkono wake mwenyewe, na ujumbe wake wa asubuhi ni pendekezo jipya ambalo hakuna aliyelikubali. Kwa jibu la tatu na la nne ana hoja nzuri, kwa kuwa ameuliza au ameomba tu. Jibu la pili ndilo gumu. Kitenzi "ongeza" ni amri kwa umbo na ombi kwa matumizi, "ifike" ni dhamira tegemezi inayoonyesha matumaini, lakini tarakimu 80 imo. Mwanasheria atakayeitazama tarakimu ataona Hyde. Atakayevitazama vitenzi ataona Stevenson. Uzito wa jambo uko hapa: mkulima hakuchagua kati ya majibu hayo manne kwa kufikiria haki zake. Alichagua kwa kuangalia umri wa mnunuzi, ujamaa wao, na kama alikuwa na haraka. Adabu ndiyo iliyomwamulia. Viazi vilivyokwisha kuchimbwa havirudi ardhini.

Jina na hukumu iliyomo ndani yake

Majina yanayopendekezwa mara kwa mara kwa dhana hii ni matatu, na kila moja limeshaamua kesi kabla haijasikilizwa. "Pendekezo kinzani" linatoka katika kitenzi kinza, na ni aminifu kwa sheria ya Kiingereza: anayekinza anakataa. Kasoro yake inaonekana pale shahidi anapoulizwa, "Je, ulitoa pendekezo kinzani?" Mkulima atajibu, "Hapana, nilimwomba aongeze," naye atakuwa amesema kweli kwa Kiswahili chake huku akiwa amepotosha kumbukumbu kwa maana ya kisheria. "Pendekezo mbadala" lina kasoro ya upande wa pili. Kilicho mbadala huwekwa kando ya kingine ili mtu achague, na kwa hiyo jina hilo linaliacha pendekezo la kwanza likiwa hai. Ni sahihi kwa soko, lakini linapingana na Hyde. Kuswahilisha neno la Kiingereza na kusema "kaunta ofa" hakusaidii, kwa sababu "ofa" nchini Tanzania imekwisha kutwaa kazi nyingi: ni barua ya toleo la kiwanja, ni punguzo la bei dukani, na ni kinywaji anachonunuliwa mtu na rafiki yake.

"Pendekezo la kujibu" halisemi lolote kuhusu uhai wa bei ya kwanza. Ni jina lililopoa kidogo, na huenda Baraza la Kiswahili la Taifa au watunga istilahi wengine wakapata lililo bora. Faida yake ni kwamba linailazimisha sheria iseme matokeo yake kwa sentensi kamili, ikieleza waziwazi kwamba jibu lenye bei au sharti jingine huliondoa pendekezo lililotangulia, badala ya kuyaficha matokeo hayo ndani ya kivumishi ambacho msomaji wa kawaida hatakitilia maanani.

Katika Mahakama ya Mwanzo hakimu husikiliza mashauri kwa Kiswahili, na hana haja ya kumtajia shahidi istilahi yoyote kati ya hizo. Anaweza kuuliza kwa hali timilifu ileile ambayo soko hutumia: "Ulipomwambia aongeze, ulikuwa umeiacha ile 70, au ulikuwa bado unaishika?" Hilo ni swali ambalo mkulima wa Uporoto analielewa, na jibu lake, liwe lolote, linaweza kuandikwa katika kumbukumbu kama lilivyotamkwa.